Kompyuta na Mashine ya Leza Zisiposikilizana

Wanafunzi wetu wa zamani walipotuletea mashine ya kuchora kwa leza, wengi walifikiri kwamba kazi ngumu itakuwa kujifunza kuchora. Sivyo. Kuchora hujifunzwa kwa siku mbili tatu. Kazi ngumu ni siku ile unapoiunga mashine na kompyuta, ukatoa amri, na mashine ikakaa kimya kama jiwe. Somo hili ni la siku hiyo. Nimeliandika kwa ajili ya ninyi mnaotumia karakana yetu, na pia kwa ajili ya ninyi mliokwisha kuondoka mkanunua mashine za namna hii kwa biashara ya mihuri, vibao vya majina na zawadi.

Nitaanza na kisa chetu wenyewe. Kina aibu yangu ndani yake, lakini aibu ya mwalimu yaweza kuwa somo kwa mwanafunzi.

Zilikuwa zimebaki siku 9 kabla ya Siku ya Zawadi. Tulikuwa na vibao 24 vya mbao za mvule, na juu ya kila kimoja ilipasa kuchorwa jina la mwanafunzi na somo aliloshinda. Ijumaa jioni kijana mmoja wa kidato cha pili alichora vibao vinne, akaifunika mashine, akarudisha ufunguo. Jumatatu asubuhi mashine haikujibu. Taa ndogo ya bodi iliwaka, lakini programu ilisema kwamba haioni kitu. Mimi sikupima wala sikuuliza. Niliona kwamba aliyeitumia mwisho ndiye aliyeiharibu. Nikamwita kijana yule mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba ameunguza bodi, na kwamba hataingia karakana tena mpaka mzazi wake aje. Akasema, "Mwalimu, niliiacha ikiwa nzima." Sikumsikiliza.

Kwa siku mbili tukahangaika. Tulifuta draiva iliyokuwamo, tukatia nyingine tatu tulizozipata hapa na pale. Tulihamisha waya kutoka tundu moja la kompyuta kwenda jingine. Tulibadili kasi ya mawasiliano. Tulifungua programu mbili za kuchora kwa wakati mmoja ili tuone ipi itafaulu. Jumatano mchana nilikuwa karibu kubadili hata programu iliyomo ndani ya bodi yenyewe. Ndipo kijana yule akapita mlangoni, akatazama kwa mbali, akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, waya wetu ulikuwa wa buluu. Mbona huu ni mweupe?"

Nikakumbuka. Jumamosi mimi mwenyewe niliuchukua waya wa buluu ili kutoa picha katika kamera yangu, na mahali pake nikaacha mwingine wenye kichwa kama kile. Ulikuwa waya wa kuchajia simu.

Tulirudisha waya wa buluu, na mashine bado haikujibu! Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umepona, lakini tiba zetu zilikwisha kuleta magonjwa mengine manne. Tuyatazame moja moja, kwa utaratibu ambao ingetupasa kuufuata tangu Jumatatu.

NJIA YA UJUMBE

Tabibu hawezi kutibu mwili asioujua. Hali kadhalika, yatupasa kujua kwanza ujumbe hupita njia gani kutoka kompyuta mpaka mashine.

Programu huugeuza mchoro wako kuwa amri fupi fupi: nenda hapa, washa leza kwa nguvu hii, rudi pale. Amri hizo hupitia kwa draiva. Huyu si dereva wa gari. Ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kusema na kifaa fulani. Kutoka hapo amri hupita katika waya wa USB, zikafika kwenye chipu moja ndogo nyeusi iliyo juu ya bodi ya mashine. Chipu hiyo ni mkalimani. Mkalimani huzipeleka kwenye ubongo wa mashine, ambamo imo programu nyingine. Katika mashine nyingi ndogo huitwa GRBL, nayo ilianzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norway mwaka 2009. Mwisho, ubongo huo huziamuru mota na leza.

Kwa nini pawe na mkalimani? Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California, na mwaka huo huo ikatolewa kanuni iitwayo RS-232, ya kupitisha habari katika waya alama moja baada ya nyingine. Mashine zetu ndogo bado husema kwa desturi ile ya kupanga foleni. Lakini kompyuta za siku hizi husema kwa USB, iliyotokea mwaka 1996, na hiyo ni lugha nyingine kabisa. Chipu ya katikati hutafsiri. Katika mashine za bei nafuu mara nyingi ni CH340, inayotengenezwa na kampuni ya WCH ya Nanjing, China. Nyingine hutumia CP2102 ya Silicon Labs, au chipu za FTDI.

Basi viungo ni sita: programu, draiva, waya, mkalimani, ubongo, na umeme wa mota na leza. Kiungo kimoja kikikatika, vyote huonekana vimekufa. Kazi yetu ni kutafuta kile kimoja.

KWANZA: WAYA

Ndani ya waya wa kawaida wa USB mna nyuzi nne. Nyekundu na nyeusi huleta umeme wa volti 5. Nyeupe na kijani hupitisha habari. Waya nyingi za kuchajia simu zina zile mbili za umeme tu. Ndiyo sababu taa ya bodi yetu iliwaka, nasi tukadanganyika. Taa huonyesha kwamba umeme umefika. Haionyeshi kwamba habari zapita.

Kipimo chake ni rahisi. Katika Windows fungua ukurasa uitwao Device Manager, kisha chomeka na kuchomoa waya huku ukiitazama orodha. Waya ukiwa mzima, orodha hutikisika na kompyuta hutoa mlio. Orodha isipotikisika hata kidogo, usiiguse draiva. Badili waya kwanza. Ukiushuku waya, uunge na simu ujaribu kupitisha picha. Picha ikipita, nyuzi za habari zimo. Tena usitumie waya mrefu kupita meta 5, wala usiupitishe katika kigawanyio cha bei rahisi. Uchomeke katika kompyuta yenyewe.

PILI: DRAIVA

Orodha ikitikisika, lakini kifaa kikatokea bila jina lake au na alama ya manjano, hapo ndipo pa kuishuku draiva. Huu ndio ugonjwa tuliojiletea wenyewe: tulifuta draiva nzuri na kutia zisizofaa. Windows 10 na 11 mara nyingi huitafuta draiva zenyewe, lakini ni lazima pawe na intaneti. Karakana isiyo na intaneti yapasa kuweka draiva katika flashi, iliyochukuliwa kwa mwenye kutengeneza chipu, na flashi hiyo isitumiwe kwa nyimbo.

Usitie draiva kwa kubahatisha. Soma kwanza jina lililoandikwa juu ya chipu, ukipenda kwa kioo cha kukuzia. Na hata jina likifanana, jihadhari. Mashine kubwa kidogo zijulikanazo kama K40, zenye bodi ya M2 Nano, hutumia chipu ya CH341, ndugu wa CH340. Lakini hapo chipu hiyo haisemi kwa desturi ya foleni, kwa hiyo draiva ya CH340 haitaifaa hata ukiitia mara kumi. Tazama programu yako yataka draiva gani, ndipo uitie.

Wenye kutumia Linux hukutana na jambo jingine. Katika Ubuntu 22.04, ya mwaka 2022, watu wengi waliona CH340 ikitokea na kutoweka mara moja. Kisa chake ni programu iitwayo brltty, iliyowekwa kwa ajili ya wasioona wanaosoma kwa vidole katika vifaa vya Braille. Baadhi ya vifaa hivyo vina chipu ile ile, basi brltty huidhania mashine yako kuwa kifaa cha Braille, ikaishika. Ikiwa hakuna mwenye kuihitaji, iondoe. Lakini ikiwa katika shule yako yuko mwenzako asiyeona anayetumia kompyuta hiyo, usimwondolee macho yake kwa ajili ya vibao. Tafuta kompyuta nyingine. Tena katika Linux jina lako liingizwe katika kundi la dialout, kisha utoke na kuingia upya, la sivyo utanyimwa ruhusa.

TATU: NAMBA YA MLANGO

Draiva ikikubali, Windows huipa mashine namba ya mlango, kama COM3. Chipu ya CH340 kwa kawaida haina namba yake ya pekee ya kujitambulisha, kwa hiyo ukiihamisha kutoka tundu hili kwenda lile, Windows huidhania kuwa mgeni mpya na kuipa namba nyingine. Yetu ilikuwa COM3. Kwa kuhamahama ikawa COM5, nayo programu iliendelea kubisha COM3, nyumba iliyokwisha kuhamwa. Dawa yake ni kuisoma namba katika orodha na kuichagua hiyo hiyo katika programu. Sasa tumebandika karatasi nyekundu kwenye tundu moja, na waya haubadilishi mahali.

Jambo la pili ni kwamba mlango mmoja haukubali wageni wawili. Programu moja ikiushika, ya pili huambiwa kwamba imekataliwa. Tulipofungua programu mbili pamoja tulijifungia mlango wenyewe. Funga zote, kisha fungua moja tu.

NNE: KASI

Mlango ukifunguka, na badala ya maneno ukaona alama zisizo na maana, au kimya kitupu, tazama kasi ya mawasiliano. GRBL ya siku hizi husema kwa kasi ya 115200, yaani alama ndogo 115,200 kwa sekunde. Kila herufi huchukua alama 10, pamoja na ya kuanzia na ya kumalizia. Basi hupita herufi 11,520 kwa sekunde. Sisi tulikuwa tumeweka 9600. Gawanya uone: mashine ilisema upesi mara 12 kuliko kompyuta ilivyosikiliza. Haishangazi kwamba hazikuelewana.

Kasi ikiwa sawa, katika dirisha la kuandikia amri utasalimiwa na mstari unaoanza na neno Grbl na namba ya toleo, kama 1.1. Mstari huo ni habari njema sana. Ukiuona, jua ya kuwa waya, draiva, mlango, kasi na ubongo vyote ni vizima, na usivichokoze tena.

TANO: UBONGO NA UMEME

Hutokea mashine ikasalimia lakini ikakataa kazi. Andika alama ya kuuliza, ?, nayo itakujibu hali yake. Ikijibu Idle, iko tayari. Ikijibu Alarm, imejifunga kwa usalama, maana haijui kichwa chake kiko wapi. Mashine yenye swichi za ukomo huandikiwa $H, ili iende ikatafute pembe yake. Isiyo nazo hufunguliwa kwa $X, baada ya wewe kukisogeza kichwa mahali pake kwa mkono. Yetu pia ilikuwa imejifunga, maana tuliizima na kuiwasha mara nyingi mno.

Na hutokea pia kwamba mashine yasalimia, yajibu, namba za mahali zabadilika katika skrini, lakini kichwa hakisogei hata kidogo. Hapo wengi hurudi kwenye draiva. Msirudi! Katika bodi nyingi ubongo hula umeme mdogo wa USB, bali mota na leza hula umeme wa adapta. Tazama adapta, swichi, ufunguo, na kile kitufe chekundu cha kusimamisha kwa dharura. Mara nyingi kitufe hicho kimebonyezwa na mtu aliyepita.

IKIKATIKA KATIKATI YA KAZI

Ugonjwa huu ndio unaoharibu mbao. Mashine haimezi mchoro mzima. Katika GRBL ya kawaida ghala la kupokelea amri lina nafasi ya herufi 128 tu, kwa hiyo kompyuta hulisha kidogo kidogo mpaka mwisho. Kompyuta ikisinzia, mlo umekatika. Basi, kabla ya kazi ndefu izuie kompyuta isilale, na katika mipango ya umeme ya Windows izuie isizime USB kwa kubana matumizi. Funga waya vizuri ili kichwa kisiuvute kikitembea. Usichomeke msasa wa umeme au pampu ya hewa ya karakana katika waya mmoja wa kuongezea na mashine, kwani kuwaka kwao huleta mtikisiko wa umeme unaokata mawasiliano. Na hakikisha tundu la ukutani lina waya wa ardhi.

Umeme wa mji ukikatika, kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri, lakini mota hunyamaza. Usiiache programu iendelee kana kwamba mambo ni sawa. Simamisha kazi, zima mashine, ngoja umeme urudi na kutulia, ndipo uanze tena kwa kutafuta pembe.

Katika mipango ya GRBL angalia $32 iwe 1, na katika programu uchague amri ya M4 badala ya M3. Kwa M4 nguvu ya leza hupungua kichwa kinapopunguza mwendo, na huzimika kinaposimama. Kwa M3 leza yaweza kuendelea kuwaka mahali pamoja, na mbao zikashika moto.

MACHO NI MAWILI TU

Unapotafuta kosa la mawasiliano, leza haina kazi. Ikiwa waya wake unachomoka, uchomoe mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa hauchomoki, weka nguvu sifuri. Kila aliye chumbani avae miwani iliyotengenezwa kwa rangi ya leza ile. Leza ya buluu ya mashine ndogo huwa karibu na nanomita 450. Ile ya K40 ni nanomita 10,600, ambayo jicho halioni kabisa. Miwani ya moja si miwani ya nyingine, na miwani ya jua si miwani ya leza. Mashine inapochora mtu asitoke chumbani. Wala usichore plastiki ya PVC, maana moshi wake una klorini, hudhuru mapafu na kuila mashine.

DAFTARI

Tangu siku ile pana daftari karakana. Mwenye kukuta kosa huandika kwanza alichokiona, kisha hubadili jambo moja tu, hupima, na huandika lililotokea. Lisiposaidia, hulirudisha lilivyokuwa kabla ya kujaribu la pili. Katika ukurasa wa kwanza imeandikwa mipango yote ya mashine, ambayo huonyeshwa kwa amri ya $$. Kama ningaliibadili programu ya bodi Jumatano ile, na mipango hatukuiandika popote, tungaliipoteza pia.

Alhamisi asubuhi nilimwita tena kijana yule mbele ya wenzake wale wale, nikawaambia kwamba waya niliubadili mimi, na kwamba nilimhukumu bila kupima. Nikamwomba radhi. Kisha tukaendelea na kazi, na vibao vyote 24 vilikuwa tayari siku mbili kabla ya Siku ya Zawadi. Daftari analitunza yeye. Kabla ya kuniazima waya, sasa huniandikisha jina.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taa ya bodi yawaka, lakini orodha ya Device Manager haitikisiki unapochomeka waya. Kiungo gani utakishuku kwanza, na utakipimaje?

2. Mashine yasalimia kwa mstari wa Grbl, lakini kichwa hakisogei. Taja vitu vitatu utakavyovitazama, na ueleze kwa nini hutaigusa draiva.

3. Ikiwa kasi ni 115200 na kila herufi huchukua alama 10, amri ya herufi 20, pamoja na alama ya kumalizia mstari, itapita kwa muda gani?

4. Mwenzako amebadili waya, draiva na kasi kwa pamoja, na mashine ikapona. Kwa nini bado hajui kosa lilikuwa nini, na jambo hilo litamdhuru vipi siku nyingine?